Namba Inayoonekana kwenye Kioo Si Kitambulisho

Ndugu mwenyekiti, ndugu wanachama, wazee wetu mlioketi mbele na vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mada niliyopewa ni namna ya kuzitambua simu zinazotoka kwa watu tusiowajua, hasa simu za utapeli, na namna ya kuzishughulikia zinapotufikia. Naomba niseme mapema kwamba mtego umo katika sehemu ile ya kwanza ya mada, kwa sababu wengi wetu tumezoea kumtambua anayepiga kwa kutupia jicho kioo cha simu, na kioo hakina uwezo wa kuifanya kazi hiyo. Kinachomfichua tapeli ni jambo analotaka ulifanye, na kinachomthibitisha mtu wa kweli ni simu utakayompigia wewe mwenyewe, kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, baada ya kuikata ile aliyokupigia. Mengine nitakayosema ni ufafanuzi wa hayo mawili.

Tuanze na hicho kioo. Namba inayotokea simu inapoita haijachunguzwa na simu yako hata kidogo. Ni taarifa iliyotumwa na mtandao ilikoanzia simu hiyo, ikapokezanwa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine mpaka ikakufikia. Utaratibu wa mitambo ya simu kupashana taarifa za aina hiyo, unaojulikana kwa jina la SS7, ulibuniwa katika miaka ya 1970 na kuanza kutumika kwa upana katika miaka ya 1980, wakati kampuni za simu duniani zilipokuwa chache, nyingi zikiwa za serikali, na kila moja ikiamini ilichoambiwa na mwenzake. Hapakuonekana haja ya kuweka hatua ya kuuliza kama kweli namba iliyotajwa ni ya huyo anayepiga. Zikaja simu za kupitia intaneti, na uwezo wa kuchagua namba itakayoonekana kwa mpokeaji ukatoka kwa kampuni hizo chache ukamfikia yeyote mwenye kompyuta na akaunti kwa mtoa huduma asiye makini. Anwani ya mtumaji iliyoandikwa nyuma ya bahasha haithibitishi barua imetoka kwa nani, na namba ya kwenye kioo haina nguvu kuliko hiyo.

Kuna matokeo matatu ambayo ningependa myashike. La kwanza ni kwamba tapeli anaweza kuonyesha namba inayofanana na yako katika tarakimu zake za mwanzo, ili udhani anayepiga ni mtu wa karibu. La pili ni zito zaidi: akiigiza namba ambayo tayari umeihifadhi, simu yako yenyewe italinganisha namba hiyo na orodha yako ya majina na kukuandikia kwa herufi safi kwamba anayepiga ni benki yako, kana kwamba imemkagua. Hali ni hiyo hiyo kwa ujumbe mfupi, ambapo ujumbe wa tapeli aliyeigiza jina la mtumaji unaweza kujipanga chini ya ujumbe halali uliotumiwa na benki mwezi uliopita, katika mazungumzo yale yale, na mtu akaona hana sababu ya kutilia shaka. La tatu linahusu adabu. Mtu akikupigia kwa hasira na kudai kwamba umemsumbua kwa simu ambazo hukuzipiga, inawezekana namba yako imeazimwa na matapeli bila wewe kujua. Kwa hiyo nanyi msikimbilie kumtukana mwenye namba iliyowasumbua, maana huenda ni mtu mtulivu aliyekuwa amelala.

Lazima pia niwatendee haki wanaobadilisha namba kwa sababu njema. Hospitali yenye laini mia moja huonyesha namba moja kuu ili mgonjwa akipiga tena afike mapokezi, na daktari anayempigia mgonjwa akiwa nyumbani ana haki ya kuificha namba yake binafsi. Ndiyo sababu teknolojia hii haijapigwa marufuku moja kwa moja, na ndiyo sababu suluhisho limekuwa gumu kuliko linavyosikika.

Suluhisho lililofika mbali zaidi ni la kutia saini ya kidijitali. Kampuni ya simu anakoanzia mpigaji huambatanisha saini inayosema kwamba inamfahamu mteja huyu na kwamba ana haki ya kutumia namba hii, na kampuni ya mpokeaji huikagua saini hiyo kabla ya kuiitisha simu yako. Marekani ilitunga sheria ya kulazimisha utaratibu huo mwishoni mwa mwaka 2019 na kuzipa kampuni kubwa hadi tarehe 30 Juni 2021 kuutekeleza katika mitandao yao ya intaneti; Kanada ikafuata Novemba mwaka huo huo; Ufaransa ikaanza utaratibu wake tarehe 1 Oktoba 2024. Ni hatua kubwa, lakini ina mianya miwili. Saini hupotea simu inapopita kwenye mitambo ya zamani isiyoielewa, na simu nyingi zinazovuka mipaka ya nchi hupita huko. Tena saini inathibitisha haki ya mtu juu ya namba, haithibitishi uaminifu wake. Tapeli aliyesajili laini kihalali atapewa alama nzuri kabisa ya uhakiki, na mpokeaji anayeiona alama hiyo atajisikia salama kwa sababu isiyohusiana na usalama wake.

Kuhusu programu za kutambua namba, mfano Truecaller iliyoanzishwa Stockholm mwaka 2009, msimamo wangu ni kwamba zina manufaa mkijua zinapata wapi majina yake. Hutegemea sana taarifa za watumiaji wenyewe, yaani waliojisajili na walioripoti. Namba iliyoripotiwa na watu elfu moja kuwa ya utapeli ni vyema uonywe nayo mapema. Namba iliyoanza kutumika asubuhi ya leo haina aliyeiripoti, na jina la heshima lililoandikwa mbele yake laweza kuwa limewekwa na tapeli mwenyewe. Onyo la programu hizo lichukuliwe kwa uzito. Ukimya wake usichukuliwe kuwa kibali. Na kabla ya kuweka programu yoyote ya aina hii, someni inaomba ruhusa gani, kwa sababu orodha ya majina iliyo ndani ya simu yako ni mali ya watu wengine pia.

Sasa niende kwenye simu zenyewe. Zipo zinazoita, ukapokea, ukasikia kimya kwa sekunde chache, kisha zikakatika au akaibuka mtu anayezungumza kwa haraka. Mara nyingi hiyo ni kazi ya mtambo unaopiga namba nyingi kwa mpigo na kusubiri sauti ya binadamu, ndipo uunganishe na mhudumu aliye huru, asipopatikana, inakatwa. Kampuni halali za mauzo hutumia mitambo hiyo, na matapeli pia. Kinachowafaa matapeli ni kujua kwamba namba hii ina mtu anayepokea, kwa hiyo sauti iliyorekodiwa ikikwambia ubonyeze tarakimu fulani ili uondolewe kwenye orodha yao, usibonyeze chochote, kwa maana kubonyeza ni kujiandikisha.

Kuna hofu moja iliyoenea kwamba ukitamka neno "ndiyo" tapeli atalirekodi na kulitumia kuhamisha fedha zako. Kwa maoni yangu hofu hii imekuzwa kupita kiasi, kwa kuwa neno moja lililorekodiwa ni silaha dhaifu mno likilinganishwa na tarakimu sita za uthibitisho ambazo watu huzisoma kwa sauti kila siku bila woga wowote.

Kisha kuna bipu kutoka nje ya nchi, ule mchezo uliovuma kwanza Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Simu inaita mara moja na kukatika, nawe unaona namba ndefu yenye alama ya kujumlisha. Ukiipiga, unaunganishwa na laini ya gharama kubwa ambayo sehemu ya mapato yake humrudia aliyekubipu, na ili mapato yakue utawekewa muziki, au mlio unaokufanya udhani simu bado inaita, huku dakika zikihesabiwa. Baadhi ya namba hizo huanza na +1, na mtu hudhani ni ndugu yake aliyeko Marekani, ilhali msimbo huo unatumiwa na Marekani, Kanada na nchi kadhaa za Karibi kwa pamoja. Dawa yake ni fupi: usipige. Aliyekuwa na haja nawe atapiga tena au ataandika. Na namba kamili ya kimataifa haizidi tarakimu 15, msimbo wa nchi ukiwemo, kwa hiyo iliyozidi hapo ni ya kubuni.

Hizo mbili si za kunyima mtu usingizi. Simu inayofilisi watu ni ile ambayo mpigaji ana jina, cheo, sauti ya upole na muda wa kutosha. Atakuwa ofisa wa benki, wa kampuni ya simu, wa polisi, wa kodi, au fundi aliyeona kwamba kompyuta yako imeingiliwa. Mara nyingi atakuwa na taarifa za kweli kukuhusu: jina lako lote, tarehe ya kuzaliwa, pengine hata tarakimu za mwisho za kadi yako. Taarifa za namna hiyo huvuja kutoka kwenye hifadhi za kampuni na huuzwa kwa wingi, hivyo kujua mambo yako hakumfanyi mtu kuwa halali. Atakupa habari ya kukushtua, kwa mfano kwamba fedha zako zinaibwa dakika hii tunayozungumza. Atakukataza kumwambia mtu mwingine, kwa madai kwamba uchunguzi unaendelea au kwamba wafanyakazi wa tawi wamo kwenye njama. Na atakusihi usikate simu. Angalieni jinsi mambo hayo yanavyosaidiana: mshtuko unaondoa fikra, siri inaondoa mshauri, na simu isiyokatwa inaondoa dakika mbili ambazo ungezitumia kumpigia mtu mwingine na kumuuliza. Mtumishi halali wa benki hapungukiwi na kitu ukimwambia kwamba utapiga mwenyewe. Tapeli hupungukiwa na kila kitu, na hapo ndipo sauti ya upole hubadilika.

Baada ya maandalizi hayo huja ombi, nami nimeshasema kwamba ombi ndilo la kutazamwa. Anaweza kukutaka uhamishie fedha kwenye akaunti aliyoiita salama. Hakuna benki inayomlinda mteja kwa kumwambia azitoe fedha zake kwenye akaunti yake. Anaweza kukutaka ulipe kwa kadi za zawadi na kumsomea namba zilizo nyuma, malipo ambayo hakuna ofisi ya kodi wala mahakama inayoyapokea. Anaweza kukutaka uweke programu ya kumruhusu fundi kuona na kuendesha simu au kompyuta yako kutoka mbali. Programu hizo ni halali na mafundi wa kweli huzitumia kila siku, lakini ukimfungulia mlango huo mtu aliyekupigia ghafla, ataona unachoandika na kubonyeza unachobonyeza.

Naomba nikae kidogo kwenye tarakimu za uthibitisho. Zile namba zinazokuja kwa ujumbe mfupi, kwa kawaida sita, hutumwa kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, amejaribu kuingia kwenye akaunti yako au kuidhinisha malipo. Kama si wewe uliyejaribu, basi ni mwingine, na kwa kawaida ni huyo huyo unayezungumza naye, anayekwambia kwamba anazihitaji ili akuzuilie wizi. Ujumbe wenyewe mara nyingi husema usimpe mtu yeyote, na mtu anausoma kwa sauti mpaka mwisho, pamoja na onyo lake. Hakuna mfanyakazi wa taasisi yoyote mwenye sababu halali ya kukupigia na kuziomba.

Watu wakijifunza kuzificha tarakimu hizo, matapeli nao hutafuta njia ya kuzipata bila kuziomba, na njia mojawapo haijulikani vya kutosha. Mpigaji anajifanya mhudumu wa kampuni ya simu au mleta mzigo, anasema laini yako ina hitilafu, kisha anakuelekeza upige alama za nyota, tarakimu 21, nyota tena, namba fulani ya simu, na mwisho alama ya reli. Hujamtumia fedha, hujamtajia siri, na unaona umefanya jambo dogo tu. Kumbe umeuamuru mtandao uelekeze simu zako zote kwenye namba yake. Baada ya hapo anafungua akaunti yako ya WhatsApp kwenye simu yake, anachagua kupokea tarakimu za uthibitisho kwa njia ya kupigiwa, na simu hiyo inaita mkononi mwake. Dakika chache baadaye ndugu na marafiki zako wanaombwa mkopo kwa jina lako na kwa picha yako. Katika mitandao mingi inayofuata viwango vya GSM, yaani vya kimataifa vya simu za mkononi, kupiga *#21# hukuonyesha kama simu zako zimeelekezwa kwingine, na kupiga ##002# hufuta maelekezo yote. Nitairudia namba ya kwanza mwishoni, msihangaike kuiandika.

Sauti nayo haitoshi tena kuwa ushahidi. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba mkuu wa kampuni moja ya nishati nchini Uingereza alituma euro 220,000 baada ya kupigiwa na sauti aliyoamini kuwa ya bosi wake wa kampuni mama nchini Ujerumani. Januari 2024, wapiga kura wa jimbo la New Hampshire nchini Marekani walipigiwa simu zenye sauti iliyotengenezwa kwa akili mnemba ikimwigiza Rais Joe Biden na kuwashauri wasijitokeze kwenye uchaguzi wa awali. Mwezi uliofuata, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilitamka kwamba sauti za namna hiyo zimo chini ya sheria ya mwaka 1991 inayodhibiti simu za sauti bandia. Kwa familia hatari kubwa ni simu ya usiku yenye sauti ya mtoto au mjukuu anayelia, anayesema amekamatwa au amepata ajali, na anayeomba mzazi mwingine asiambiwe. Kubalianeni nyumbani neno moja la kuulizana, lisiloandikwa kwenye simu wala mtandaoni. Hata msipokuwa nalo, kateni na mpige namba ya kawaida ya mtoto huyo, au ya mtu anayeishi naye.

Kukata simu ndiko kunakowashinda watu wengi, nami nalielewa jambo hilo, kwa sababu aliyelelewa vizuri huona haya kumkatizia mtu maneno, na tapeli anaijua haya hiyo kuliko tunavyoijua wenyewe. Hamna deni la maelezo kwa mtu aliyewapigia bila kualikwa. Sentensi moja inatosha: "Nitapiga mwenyewe," kisha bonyezeni kitufe. Namba ya kupiga muitoe nyuma ya kadi, kwenye mkataba au kwenye karatasi ya taarifa ya akaunti. Msitumie aliyowatajia mpigaji, wala ile ya kwanza inayojitokeza mnapotafuta mtandaoni, maana matapeli hulipia matangazo ili namba zao zikae juu. Uingereza wamelirahisisha jambo hili tangu mwaka 2021 kwa namba fupi ya 159, ambayo mteja huipiga na kuunganishwa na benki yake, bila kulazimika kujua kama aliyempigia awali alikuwa wa kweli. Wenye simu za mezani wawe na tahadhari ya ziada: katika baadhi ya mitambo laini hubaki wazi kwa muda ikiwa aliyepiga hajaweka mkono wa simu chini, hivyo unaweza kupiga namba sahihi ya benki na kupokewa na tapeli yule yule. Tumieni simu nyingine.

Kuna wanaoniuliza kama si bora kutopokea kabisa namba ngeni. Simu nyingi za kisasa zina mpangilio wa kuzinyamazisha, na kwa mzee ambaye tayari ametapeliwa mara moja na anasumbuliwa kila siku, naupendekeza bila kusita. Kwa mtu anayesubiri majibu ya hospitali, au aliyeomba kazi, au mwenye mtoto shuleni, siupendekezi, kwa kuwa simu muhimu kuliko zote maishani mara nyingi hutoka kwenye namba usiyoijua. Pokea, sikiliza, usitoe wala usithibitishe chochote, ukate.

Ikiwa mtu tayari ameshatoa fedha au siri, saa ya kwanza ina thamani kubwa. Apige benki kwanza ili muamala usimamishwe kama bado inawezekana, kisha abadilishe maneno ya siri akitumia kifaa kingine, kisha aripoti kwa kampuni ya simu na polisi akiwa na namba, saa na kumbukumbu za malipo. Simu ikipoteza mtandao ghafla ilhali za wenzako zinafanya kazi, inawezekana namba yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine ya simu iliyo mkononi mwa tapeli. Nenda kwa kampuni yako siku hiyo hiyo, na uiarifu benki kabla hujatoka nyumbani. Wiki chache baadaye mjiandae kwa simu nyingine, ya wakili au mpelelezi anayesema amezipata fedha zilizoibwa na anahitaji ada kidogo ili azirejeshe. Majina ya waliotapeliwa huuzwa kwa matapeli wengine, na huyo anayejiita mwokozi ni mmoja wao. Nawaomba pia msimcheke aliyeibiwa, kwa sababu anayeogopa kuchekwa hukaa kimya, na kimya chake huwapa wezi saa ile niliyoisema.

Ndugu mwenyekiti, kabla hatujaingia kwenye maswali, naomba kila mwenye simu aitoe sasa hivi na apige nyota, reli, 21, reli. Majibu yakisema kwamba hakuna uelekezaji, rudisheni simu mfukoni. Atakayeona namba asiyoifahamu aje hapa mbele tuifute pamoja, na aje yeye kwanza kabla ya wenye maswali.